Samaki ya Kulala

Mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi, mtu alifunua sufuria ya maharage iliyosahaulika tangu Ijumaa kwenye chumba chetu cha walimu, na harufu ikatutoa wote nje. Ni shule ya sekondari hapa Kasese, na walimu hatukosi la kubishania. Mwalimu wa hisabati akasema maharage yameoza. Mwenzangu wa Kiswahili, aliyesomea Tanzania na ambaye hapendi tusahau hilo, akasema chakula kilichopikwa hakiozi, kinachacha. Nikamuunga mkono, maana ndiyo kazi inayonilisha. Nikaongeza kwa madaha kwamba nyama huvunda, ua hunyauka, mchicha husinyaa, kitambaa huchujuka, na kitu kilichokosa mnunuzi hudoda hata kama bado ni kizima. Tukacheka. Kisha mama anayetupikia, mtu wa Bwera, akaja kuichukua sufuria yake, akainusa na kusema bila kumtazama yeyote, "Hii imelala." Mimi peke yangu sikucheka. Nilikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji hadi kengele ikapigwa, na darasani siku hiyo nilifundisha vibaya.

Sokoni Bwera nilikokulia, neno lilikuwa hilo moja tu. Samaki aliyevuliwa usiku akafika mezani asubuhi aliitwa ya leo. Aliyepitisha usiku mzima nchi kavu aliitwa ya kulala, akawekwa kando na kushushiwa bei, akiwasubiri akina mama wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, wanaokausha samaki kwa moshi. Hakuna aliyetamka kuoza. Kutamka kuoza mbele ya meza ya mwenzako ilikuwa kutafuta ugomvi, na ugomvi wa wauza samaki unaujua kama umewahi kuuona. Kulala lilikuwa neno la adabu, na mimi nililipenda. Niliamini kwamba samaki hulala kweli, kwamba wale wa leo bado wako macho na ndiyo sababu macho yao yanang'aa, na kwamba wakichoka sana macho huingia ukungu. Nilikuwa nikiwafunika kwa gunia bichi polepole, nisiwaamshe vibaya.

Meza ilikuwa ya Mama Mdogo Mbambu, mdogo wake mama yangu. Mama alikuwa kwenye mji wa Hima akiwapikia madereva wa malori ya saruji, na kwa kuwa kule hakukuwa na mahali pa kulaza mtoto, aliniacha kwa mdogo wake. Mimi ni Masika kwa sababu ni binti wa kwanza, naye ni Mbambu kwa sababu ni wa nne. Kwetu Wakonzo jina la namna hiyo halikusifu wala halikutabirii chochote, linakuhesabu tu. Lakini Mama Mdogo alikuwa na sifa yake, na sifa hiyo ilikuwa pua. Aliinua shavu la samaki kwa kidole gumba, akalisogeza karibu na uso, akafumba macho, kisha akasema neno moja. Wauzaji wengine walijua kuomba damu ya ng'ombe kwa wachinjaji na kuipaka ndani ya mashavu ili yawe mekundu. Yeye hakufanya hivyo, na watu walijua hafanyi. Mtu alikuwa anapita meza tatu zenye samaki wakubwa zaidi akaja kwetu, akaambiwa "ya leo", akalipa bila kugusa.

Nilimpenda kwa namna ambayo sikuwahi kumpenda mama yangu, na sioni haya kuliandika hilo. Alinuka ziwa na sabuni ya kipande. Usiku nililala mgongoni mwake, pua yangu kwenye shingo yake, na asubuhi niliamshwa kwa kidole chake baridi kwenye sikio.

Mezani alinikataza Lhukonzo, Kikonzo chetu. Alisema mnunuzi asiyekijua akikusikia unakizungumza hudhani unapanga kumwibia. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa Wakonzo, na sokoni tulikuwa watu wa Kiswahili, kile Kiswahili cha kwetu ambacho ndani yake kila kitu ni "i". Mtu iko, samaki iko, mvua iko. Mama imekuja, pikapu imekuja. Leo nina kalamu nyekundu na ninawakata wanafunzi alama kwa kosa hilo kila siku inayokwenda kwa Mungu, na wao wananiona mkali bure. Wangejua.

Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu wa Kasese, tukimwita Hajati tu. Alikuwa na hoteli ya chakula karibu na kituo cha magari, na harusi zote kubwa za mji alipika yeye. Mpwa wake alikuwa na pikapu iliyokwenda Katwe, ufukweni, kuchukua samaki. Hajati alikuwa amechoka kudanganywa na wauzaji wake, akamwambia Mama Mdogo kwamba Ijumaa iliyofuata angekuja kuchukua kapu moja la samaki aina ya ngege kwa ajili ya harusi. Akiridhika, kuanzia hapo angenunua kwake peke yake kila wiki, na Mama Mdogo angepata nafasi ndani ya pikapu ile, achague samaki mwenyewe pale wanaposhushwa, badala ya kusubiri kilichoachwa na wengine. Mama Mdogo hakulizungumzia jambo hilo sana, kwa kuogopa kuliharibu. Mara moja tu, akinichana nywele, alisema tutahamia Kasese na mimi nitaingia shule yenye madirisha ya vioo. Nilimuuliza kama vioo havivunjiki. Akasema vinavunjika, na vinawekwa vingine.

Alhamisi homa ikampiga, homa na mafua pamoja, akashinda amelala nyuma ya meza juu ya magunia matupu. Usiku ule hata hivyo alikwenda kupokea samaki barabarani, na Ijumaa alfajiri akapanga kapu la Hajati, ngege wote wa ukubwa mmoja, akawafunika kwa majani ya ndizi na gunia bichi, akaliweka nyuma, chini ya turubai, mbali na jua. Kisha akajilaza palepale kando ya kapu, akajifunika kitenge mpaka kichwani. Aliniambia nikae mezani, na Hajati akifika nimwamshe.

Hajati alifika na haraka zake. Pikapu ilikuwa imewashwa barabarani, na mpwa wake alikuwa akipiga honi. Aliniuliza mama yangu yuko wapi, nami nikaelekeza nyuma kwa midomo, kama tunavyofanya. Akainama kuchungulia chini ya turubai. Kutoka pale nilipokaa mimi, nilichokiona ni nyayo za Mama Mdogo zimechomoza kwenye kitenge. Kutoka pale aliposimama yeye, nadhani alichokiona ni kapu.

"Ile ya nyuma iko aje?" akaniuliza.

"Imelala," nikamwambia.

"Imelala?"

"Imelala. Hata jana ililala."

Nilikuwa nasubiri aniambie nimwamshe. Katika Kiswahili ninachofundisha, angelazimika kusema "yule" au "wale", na mimi ningejua anamuuliza nani. Kwa Lhukonzo pia kosa lile lisingetokea. Lilihitaji Kiswahili chetu, na meza yetu, na mtoto aliyefikiri kwamba mtu mzima huulizia kwanza afya ya mgonjwa.

Hajati akasimama wima. Hakufunua gunia, na kwa nini afunue? Mashavu ya samaki yanaweza kupakwa damu, ila mtoto wa mwenye mali ameshasema. Alitangaza kwa sauti iliyofika meza za mbali kwamba Mbambu alitaka kumlisha bibi harusi samaki ya siku mbili. Kisha akanigeukia, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Huyu mutoto iko mukweli. Mungu amuweke." Akatoa kwenye kikapu chake sambusa ya nyama iliyofungwa kwenye karatasi, akanipa mbele ya watu wote, akaenda zake kwenye meza ya pili.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ningependa kuandika kwamba sikuelewa, kwamba nilikuwa mdogo mno, na wasomaji wa rika langu wangenisamehe kwa kuwa kila mmoja wetu ana yake ya utotoni. Lakini nilielewa mara moja, sambusa ikiwa bado mkononi. Hajati alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Ningeweza kumkimbilia. Ila sikuwa nimewahi kusifiwa mbele ya watu, hata mara moja, na mkono ule kichwani ulikuwa mzito na mtamu. Wanawake walikuwa wananitazama kama mtu. Nikauma sambusa. Ilikuwa ya moto bado, yenye kitunguu kingi na pilipili manga, na mpaka leo sijala nyingine tamu kama ile.

Kelele zilimwamsha Mama Mdogo. Alitoka chini ya turubai amejifunga kitenge kichwani, jasho likimtiririka, na jirani wa meza ya pili, ambaye samaki wake ndio walikuwa wakipakiwa kwenye pikapu, akampa habari kwa furaha isiyojificha. Mama Mdogo akarudi kwenye kapu, akafunua, akachukua ngege wa juu, akainua shavu na kunusa. Akamrudisha, akachukua mwingine. Alikuwa na mafua makali, alikuwa akipumulia mdomo tangu jana. Alinusa samaki wanne au watano, na kila mmoja akamshika muda mrefu kuliko aliyetangulia. Kisha akaniita.

"Masika. Ulisema nini kwa Hajati?"

"Nilisema ukweli."

"Ilikuwa inanuka?"

Mafuta ya sambusa yalikuwa kwenye kidevu changu. Wanawake wote walikuwa wametusogelea kusikiliza.

"Kidogo," nikasema.

Hakunipiga. Alimrudisha samaki kwenye kapu, akafunika, akakaa juu ya magunia mikono ikiwa mapajani. Nilidhani amekasirika, na hasira ningeiweza. Ilinichukua miaka kujua kwamba uso ule haukuwa wa hasira.

Siku nzima hakuna aliyenunua kwetu. Nikitumia maneno yangu ya sasa, kapu lile lilidoda bila kuvunda. Jioni walipokuja akina mama wa Kasindi, Mama Mdogo aliwasukumia lote kwa bei ya kulala. Mmoja wao, mnene mwenye meno mazuri, aligeuza samaki mkononi akashangaa. "Mama, hii samaki iko muzuri. Juu ya nini unaiuza ya kulala?" Mama Mdogo akadhani anamdhihaki, akamwambia achukue au aache. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao, nimeshika gunia. Yule mama akanitazama, nadhani alikuwa anangoja mtu aseme kitu. Nikaanza kukunja gunia.

Baada ya hapo walimpa jina. Wakimwona anatokea na kapu kichwani, mmoja husema "imelala" kwa sauti ndogo na wengine hucheka. Hayo angeyavumilia, soko ni soko. Lililomshinda ni jingine, na hili nilikuwa nalo mimi peke yangu. Mafua yalipoisha hakurudi kuwa yule wa zamani. Alikuwa anainua shavu, ananusa, anasita, kisha ananipelekea mimi. "Masika, nusa." Kila alfajiri, kapu zima, samaki mmoja mmoja. Nami nanusa na kusema "ya leo", naye anashusha pumzi na kumpanga mezani. Nilikuwa pua yake kwa miezi mingi. Mwanzoni nilijisikia mkubwa. Kisha nikaanza kuchukia harufu ya ngege, na kuamka, na kidole kile baridi kwenye sikio.

Alipoacha samaki aliacha ghafla. Alisema anakwenda Katwe kukata chumvi, na mama yangu, aliyekuja kutoka Hima kunichukua, alimwambia ana wazimu, kwamba kazi ile inakula mwili wa mwanamke. Mama Mdogo akamjibu kwamba chumvi hailali. Nakumbuka mama alicheka, akafikiri ni utani.

Aliingia kwenye ziwa dogo la chumvi la Katwe, si lile la samaki, kwenye maji mazito yanayochoma, mpaka kiunoni, akaingia tena kesho yake na miaka iliyofuata. Nilipokwenda kumwona nikiwa darasa la juu, miguu yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi na alikuwa akiipaka grisi ya magari. Alifurahi kuniona. Aliuliza masomo, akawaambia watu wa pale kwamba mimi ndiye yule mtoto asiyejua kusema uongo. Nilikula alichopika, nikarudi Hima, na sikusema kitu. Nilipopata mshahara wa kwanza nilianza kumpelekea sukari na sabuni kila mwezi, na wakati wa baridi blanketi, na dawa ya miguu. Watu wa ukoo hunisifu kwa hilo. Husema watoto wa siku hizi wangejifunza kwangu.

Sasa ameacha ziwa, au ziwa limemwacha, na yuko nyumbani kwa kaka yake kule Bugoye, juu ya mto Mubuku. Jumamosi iliyofuata baada ya ile sufuria nilikwenda. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni akichambua kahawa, miguu ameinyoosha mbele, imefunikwa kanga. Niliweka mfuko wa sukari na sabuni karibu naye kama kawaida. Nikakaa, na kabla woga haujanirudisha nikamweleza yote kwa Lhukonzo, tangu honi ya pikapu hadi sambusa hadi lile neno "kidogo". Lile jingine, la kulala, ilibidi nilitamke kwa Kiswahili cha sokoni.

Vidole vyake viliendelea na kahawa. Kisha akanijibu kwa Kiswahili kilekile, ambacho sisi wawili hatukuwa tumekizungumza tangu meza ile.

"Ile ya nyuma ilikuwa ya leo?"

"Ilikuwa ya leo, Mama Mdogo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akachukua punje ya kahawa, akaisogeza puani na kuinusa muda mrefu, macho ameyafumba. Akairudisha kwenye ungo.

"Basi pua yangu ilikuwa muzima," akasema. "Mimi nilifikiri imekufa. Niliogopa nitaua mutu na samaki. Nikaenda kwa chumvi."

Nikamwomba radhi. Nilisema nilikuwa mtoto, nikasikia jinsi maneno hayo yalivyo mepesi. Yeye alikuwa ameshaacha kunitazama. Alikuwa anatazama mfuko.

"Hii sukari unaleta kila mwezi," akasema. "Na sabuni. Na blanketi. Ilikuwa ya ile samaki?"

Nilitaka kusema hapana. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini sikujua kama ningekuwa nasema kweli, na nilikuwa nimekuja pale kwa ajili hiyo, kusema kweli. Nikachelewa kujibu, na yeye alikuwa mtu wa kusikia.

"Mimi nilikuwa naambia watu, Masika ananipenda," akasema.

Akausukuma mfuko kwa mkono juu ya mkeka, kidogokidogo, mpaka ukagusa goti langu, akarudi kwenye kahawa yake.